Tangu Xavery afunge matairi makubwa

Saa tatu asubuhi, tairi la nyuma la kulia linazunguka bure na kurusha tope, huku la kushoto, lililokanyaga udongo mgumu, limetulia tuli. Xavery anazima injini. Anashuka, anavua koti, analikunja mara mbili na kuliweka juu ya boneti, kisha anachukua sururu.

Hapa ni nje kidogo ya Maretadu, wilayani Mbulu, njia ya kwenda Dongobesh. Mvua imenyesha siku mbili. Hatua kama mia moja juu ya barabara, watu saba wanapalilia maharage. Gari wanaliona. Mmoja ananyoosha mgongo, anatazama, anainama tena.

Ndani ya gari amelala mama Natalia, mwenye homa ya siku nne. Anapelekwa hospitali.

Xavery, mwenye miaka 59, ameendesha Land Cruiser hii kwa miaka kumi na tisa, akibeba mahindi, maharage na wagonjwa. Zamani gari likinasa hakuita mtu. Mwenye jembe aliye karibu aliacha mstari wake akaja kusukuma. Halipwi, siku ya mnada hupanda bure. Na gari likishatoka, dereva haondoki hivi hivi. Hukaa nao kwanza, akala walichobeba shambani.

“Tangu mke wangu Marieta afariki, siku niliyokwama ndiyo siku niliyokula na watu,” anasema, macho yakiwa kwenye sururu.

Mwaka jana alifunga matairi makubwa, gari likainuka karibu nusu shubiri. Jumapili, nje ya kanisa, akawaambia watu wapumzike, kwamba hatawasumbua tena. Alidhani anawapa zawadi. Lakini huku mtu mzima akisema neno, hushikwa kwa neno lake. Tangu siku ile hakuna aliyeshuka kwenye tope lake.

Matairi nayo hayakumaliza shida. Difu, gia inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili ya nyuma, bado huipeleka kwa lile lililokosa pa kushika. Na tairi kubwa ni zito; likizunguka bure kisha likashika ghafla, chuma hukatika. Ameshavunja ekseli mbili. Anachoogopa ni ya tatu kukatika akiwa na mgonjwa, masika yakiwa yamepamba moto.

Saa nzima ya kuchimba inapita. Mwishowe ni mama Natalia anayesukuma mlango na kuita, kwa sauti nyembamba, jina la Hilaria, mmoja wa wale wanaopalilia.

Majembe yanabaki shambani. Hilaria anafika wa kwanza, akihema.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.”

“Baba, wewe ulitukataza. Tungekuja bila kuitwa, ungesema tumekuja kukucheka.”

Mzee Agustino, anayefika wa mwisho, anasema gari limevaa viatu vya mwanajeshi lakini linatembea kama bata. Wanacheka, wanaweka mawe, wanasukuma. Linatoka. Safari hii Xavery hawezi kukaa kula; mgonjwa anasubiri.

Mchana, mama Natalia akiwa ameshapokelewa hospitalini, Xavery anasimama kwenye gereji ya fundi Abdillah, Dongobesh. Anataka loki, kifaa cha kufunga difu ili matairi yote mawili yazunguke pamoja. Zipo za aina mbili. Ya kujifunga yenyewe ni laki tisa. Ya swichi, inayofungwa kwa pampu ndogo ya upepo, ni milioni tatu na nusu. Xavery alikuja na nia ya ile rahisi.

Fundi anamuuliza kwanza juu ya barabara yake: ina miteremko ya pembeni mingapi? Xavery anahesabu kwa vidole. Minne.

“Ya kujifunga haikuulizi, mzee wangu,” anasema Abdillah. “Kwenye mteremko wa pembeni wenye tope, tairi zote mbili za nyuma zitateleza pamoja, mkia uende korongoni. Nani atakushikia kamba lisianguke?”

Xavery anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

Anachagua ya swichi, pamoja na ekseli nene zaidi. Atauza fahali mmoja na kujazia kwa akiba yake. Fundi anamwagiza aifunge kwa swichi kabla tairi halijaanza kuzunguka, akiwa mwendo wa pole, na barabara ikikauka aifungue.

Kazi itafanyika wiki ijayo. Kabla ya hapo, Jumamosi, Xavery amepanga kuliacha gari nyumbani na kupita kwa miguu nyumba zote saba za wale waliomsukuma, akianza kwa mzee Agustino.

“Nitawaambia nimenunua loki, lakini nikikwama waje,” anasema. “Na nisipokwama, nitasimama tule pamoja.”