Silinda Sita Uani kwa Wakwe

Jamani, mkasa huu huwa siusimulii nikiwa Kibondo, maana kule wanaujua kunizidi, na hata hapa Kasulu naanza kuona haya kabla sijafungua mdomo, lakini acheni niseme tu.

Marehemu baba alituachia pikapu ya zamani, kongwe kuliko mimi, aliyokuwa akibebea maharage kutoka Muyama. Injini yake ya silinda nne ilikuwa nzima kabisa, ila vilima ilipanda kama mtu anayepelekwa asikotaka, nami nikachoka kupitwa na bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi. Basi nilipopata injini kubwa, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, nikaipeleka gereji kwa fundi Bakari tukaanza kuishindilia mahali pasipo pake. Ilikuwa ndefu! Rejeta tukaisogeza mbele mpaka mwisho, bati la nyuma ya injini tukalipiga nyundo likabonyea, boneti ikagoma kufunga, nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli (msicheke). Ilipowaka, mabati ya gereji yalitetemeka, nami nikajiona mwanaume.

Fundi Bakari akasema, "Sadiki, hivi vyuma vinavyoikamata injini tumevichomelea haraka haraka. Niachie gari siku mbili tatu niviimarishe."

"Jumamosi tunakwenda Kibondo kumposea Yusufu," nikamwambia. "Nikirudi nakuletea."

(Ni hapo. Kila nikiufikiria mkasa huu, nakwama kwenye neno hilo moja, "nikirudi".)

Yusufu ni mdogo wangu. Siku ya siku yeye na wajomba wakapanda nyuma na kanzu zao, mama akakaa mbele na mimi. Njiani vilima tulivimeza, kweli, lakini mama alishikilia mlango safari nzima akirudia kwa Kiha, "Buhoro, mwanangu, buhoro," yaani polepole, nami namjibu kwamba hii siyo ile aliyoizoea.

Nyumba ya kina binti iko juu ya kilima kidogo. Uani turubai limefungwa, viti vimepangwa, vigelegele vimeshaanza. Mtu mwenye akili angeegesha barabarani wote tukashuka kwa heshima. Mimi nikaona hapana, nipande mpaka uani, nao wasikie. Nikakanyaga mafuta.

Paa! Chuma kimoja kikaachia. Injini ikanyanyuka upande mmoja, ikauvuta waya wa mafuta, na pikapu ikaanza kujikanyagia mafuta yenyewe, nikiondoa mguu inazidi, feni ikaitafuna rejeta, mvuke ukafunika kioo, sioni mbele, breki nakanyaga na mzigo hausikii, mama anamwita Mungu, wajomba huko nyuma wananiita mimi, na badala ya kuzima gari nikainama kuinua kanyagio kwa mkono (niliinama kabisa, kama aliyeangusha sarafu). Tukang'oa kamba za turubai, turubai likawaangukia wazee, tukapanda juu ya viti, tukapindua sufuria la pilau. Aliyezungusha ufunguo, injini ikanyamaza, ni mama.

Watu wakaanza kutoka chini ya turubai mmoja mmoja, kofia upande, wanapapasana kuona kama wote ni wazima. Wote walikuwa wazima. Wanawake wa jikoni wakaanza kucheka, na mimi nikataka kucheka nao, mpaka nikamwona Mzee Ramadhani, baba wa binti, amesimama anatazama gurudumu la mbele. Chini yake palikuwa na kiti kilichobaki kama chapati.

"Nilikuwa nimekaa hapo," akasema, kwa sauti ya kawaida tu. "Nimeinuka kuja kuwapokea."

Nikapiga magoti palepale. "Mzee, nisamehe."

"Inuka," akasema. "Umepigia magoti pilau."

Siku ile posa haikuzungumzwa. Tulirudi Kasulu kwa basi, Yusufu akakaa kiti cha mbali nami, na mimi njia nzima nilikuwa nakiwaza kile kiti. Miaka yote niliamini baba alikuwa akienda mwendo wa pole kwa sababu ya injini. Sikuwahi kujiuliza kama ni kwa sababu ya sisi tuliokuwa ndani.

Baadaye Mzee Ramadhani alikubali, kwa sharti moja: siku ya harusi gari lolote la upande wetu liishie barabarani. Basi ukoo mzima ukapanda kile kilima kwa miguu, shangazi zangu na zawadi kichwani, bwana harusi na vumbi mpaka magotini, mimi nyuma kabisa na kreti ya soda begani, na watoto wa mtaa wakanisindikiza mpaka mlangoni wakiunguruma, "Vuuuuum! Vuuuuum!"

Sikuwakataza. Niliapa palepale, jasho likinitiririka, kwamba chombo nisichokijaribu vizuri peke yangu sitampakia tena mtu, seuze mama yangu.