Hapana Kitu

Mwalimu wetu wa huduma ya kwanza alikuwa Mzungu mwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrishia wapishi. Tulikuwa wanaume sita, vibarua wake sote. Alitufundisha kufunga bendeji na kukaza mfupa uliovunjika kwa vipande vya mbao. Hayo aliyajua, sitamnyima haki yake. Ni somo la mwisho ambalo sijamsamehe.

Lilihusu hofu: ukimkuta mtu ameumia na anatetemeka, umwambie nini. Kitabu chake cha Kiingereza kilieleza kurasa nzima. Yeye alizikata zikabaki maneno mawili.

"Wewe nasema, hapana kitu. Yeye nanyamaza. Kazi kwisha."

Kwake maana ilikuwa: hakuna baya, usiogope. Tulirudia siku nzima, mmoja amelala kwenye nyasi akijifanya majeruhi, mwingine amemwinamia. Kikuyu kilipigwa marufuku. Ilikuwa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau, na Mzungu akisikia watu wawili wakiongea Kikuyu chini kwa chini, basi wanapanga kumchinja.

Haukupita muda, lori la wachuma kahawa likapinduka kwenye barabara ya Thika. Tulipelekwa mbio, mwalimu akiwa nasi. Nilipokuwa nikipita nilimwona mtoto mchanga mikononi mwa mchumaji mmoja, mzima, akinyonya kidole. Hatua kumi mbele, aliponielekeza mchumaji yule, nikamkuta mama yake, msichana tu, amebanwa kiuno na ubao wa lori. Akanishika shati.

"Mwana wakwa?" Mtoto wangu?

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, kwa lugha tuliyonyonya sote wawili. Lakini mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, bastola kiunoni. Niliogopa. Nikasema, "Hapana kitu, mama."

Akanitazama. "Hapana?"

"Hapana," nikasema, nikitikisa kichwa polepole kama tulivyofundishwa.

Akaliachilia shati langu. Hakulia, hakuuliza tena. Mwalimu akanipiga bega na kuwaambia wenzangu, "Angalia huyu. Bibi nanyamaza mara moja." Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari. Yule mama alikata roho kabla gari halijafika Thika.

Wifi yake alikuwa amelala kando yake, mguu umevunjika, na alisikia kila neno. Siku chache baadaye alinisimamisha njiani. "Kwa nini ulituambia mtoto amekufa?" Nilianza kumweleza maana ya mwalimu, nikaona nazidi kujiaibisha, nikashika njia yangu.

Sisemi angepona. Ubao ule ulikuwa umekwisha kumaliza kazi yake. Nasema alikufa akiwa amefiwa, na mwanawe yuko pale pale, na mimi ndiye niliyemwona. Cheti nilipewa, cha kwanza kati ya sita, nacho kimo sandukuni hadi leo kwa sababu sioni kwa nini nijirahisishie mambo kwa kukichoma.

Mtoto yule sasa ni mama wa watoto wanne, anauza mboga Ruiru. Huniita baba, na hunichagulia sukuma wiki isiyo na matundu. Mwaka jana aliniuliza kama mama yake alisema neno lolote kabla ya kufa.

Nilikuwa na miaka mingi ya kuandaa jibu, na safari hii hapakuwa na mtu nyuma yangu.

"Hapana," nikamwambia. "Hapana kitu."