Jasho la Mfalme

Mama Povu hakuwahi kusoma kitabu cha ratiba ya tamasha, na sababu alikuwa nayo. Kitabu kile, alisema, kina michezo mia moja na arobaini, na yote mia moja na arobaini eti ni ya kusisimua. Haiwezekani. Hata mama mwenye watoto sita anajua yupi kati yao ni mzito kidogo, ila hasemi mbele ya wageni. Nguo, kwa upande wake, hazina haya. Nguo itakuambia mwenyewe alikaa wapi, alikula nini, na kama alifanya kazi au alisimama pembeni akingoja wenzake wamalize.

Na nguo alikuwa nazo. Alikuwa dobi, na chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma tu ya kumbi mbili kubwa za mji. Tamasha la sanaa lilipoanza, mavazi ya waigizaji yalimiminika mezani kwake kila asubuhi, kwenye mifuko yenye namba za michezo. Baada ya miaka ishirini na sita ya kuyafua, alikuwa ameshajitungia elimu yake mwenyewe. Shati likirudi kavu, hapo watu wamekaa kitini wakasemezana, usiende. Damu ya bandia kwenye kola, hapo ni mayowe mwanzo mwisho. Usiende na mtu mwenye presha. Lakini makwapa yakilowa na magoti yakachafuka, hapo watu wameimba, wamecheza, wameanguka na kuinuka. Hapo ndipo pa kwenda.

Elimu yote hiyo ilikuwa inaoza bure, kwa sababu aliyechagua mchezo ni Dada. Dada alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na kila mwaka alikuja kukaa siku tatu wakati wa tamasha. Mchezo waliona mmoja tu, maana magoti yake hayakutaka ngazi za ukumbi zaidi ya mara moja. Alisoma kitabu chote kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha mitihani, kisha akachagua wenye huzuni kuliko yote. Kwa miaka tisa Mama Povu alipelekwa kuona wajane wanne, hakimu kipofu, na ukoo mmoja uliogombania nyumba mpaka pazia likafungwa na nyumba haijagawiwa. Alilala katika yote. Alikuwa na kipaji cha kulala akiwa amekaa wima, na kuamka kwa makofi akiwa wa kwanza kupiga.

Mwaka huu Dada alimpigia simu wiki moja kabla hajaja.

"Safari hii chagua wewe, mdogo wangu," alisema. "Ikiharibika, nitachagua mimi mpaka nife."

Mwingine angecheka. Mama Povu alikaa chini. Dada alikuwa mtu wa kupatia mambo tangu azaliwe, na katika miaka yao yote hakuwahi kumwambia mdogo wake kwamba naye kapatia. Wala hakumwambia kwamba kakosea. Alikuwa akisema tu, "Tumeona." Tena kulikuwa na lile la nguo. Dada akija, mgeni ndani ya nyumba ya dobi, alifua nguo zake mwenyewe bafuni, kwenye beseni dogo, kwa sabuni aliyoibeba kutoka kwake ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Halafu anazianika dirishani, mbele ya macho ya majirani na wateja. Lilimuuma Mama Povu, akalimeza miaka yote hiyo. Sasa alitaka maneno mawili tu. Alitaka Dada atoke ukumbini aseme, "Umechagua vizuri."

Basi akaingia kazini. Wiki nzima alifungua mifuko kama daktari anayepita wodini. Namba kumi na mbili ilikuwa na jasho la mtu mmoja tu, wengine wote wakavu. Huo ni uonevu, aliuacha. Namba sitini ilinuka vitunguu, na hakutaka kujua kwa nini. Kisha akafungua namba thelathini na moja. Ndani mlikuwa na joho jekundu la sufu pamoja na suruali yake, na karatasi iliyoandikwa "Mfalme." Vilikuwa vimelowa mpaka vikawa vizito kama vimetolewa kisimani. Aliukamua mkono wa joho na maji yakatiririka.

"Huyu mfalme anacheza," alijisemea.

Alimuuliza mama wa mavazi, yule mwanamke aliyekuwa akileta na kuchukua mifuko. Huyo akajibu kwamba mchezo wenyewe hajauona hata siku moja, kazi yake ni nyuma ya pazia na sindano, ila anajua mfalme akitoka jukwaani anakunywa jagi zima la maji kabla ya kuweza kusema. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Siku tatu Mama Povu alilipima lile jasho, na siku zote tatu halikupungua. Hata mshipi ulikuwa umelowa. Alimwona kabisa kichwani mwake, mfalme anaruka huku na huku na wake zake wanaitikia.

Asubuhi aliyokuwa anafika Dada, mama wa mavazi alibwaga mfuko na kusema kwamba tiketi za mchezo wa leo saa kumi zinakwisha. Mama Povu alikuwa na mapipa mawili mbele yake, moja la maji yanayochemka kwa ajili ya vitambaa vya meza vya hoteli, na moja la maji baridi kwa ajili ya sufu. Alitumbukiza hiki huku na kile kule, akafuta mikono kwenye aproni na kukimbia. Foleni ilikuwa ndefu. Alisimama saa nzima juu ya ncha za vidole akihesabu vichwa vya mbele yake, akapata viti viwili pembeni. Alirudi akiimba. Akachukua fimbo yake, akaichovya kwenye pipa la maji baridi, na akainua vitambaa vya meza.

Alivitazama. Vitambaa vya meza havikutakiwa kuwa pale. Akageuka polepole kulitazama pipa jingine, lililokuwa bado linafuka mvuke.

Kilichotoka humo kilikuwa kigumu, kinene na kidogo. Ulikuwa ufalme bado, lakini wa nchi ndogo. Mama Povu alifanya yote aliyojua na mengine aliyobuni papo hapo. Alilivuta joho, akalipiga pasi huku amelikanyaga ncha, akaining'iniza suruali na matofali mawili kwenye miguu yake. Ilishuka urefu wa ukucha. Saa tisa mama wa mavazi alikuja mbio, akakwapua kifurushi bila kukifungua. Mama Povu alifungua mdomo aseme, mdomo ukakataa. Kusema kweli aliogopa, na alijua ni woga ule ule wa zamani.

Alipokuwa na miaka minane aliamua kumsaidia Dada kwa kumfulia sweta lake jipya la shule. Alilichemsha kwenye sufuria ya mama yao. Lilipotoka alilianika kimya kimya na kukimbilia mchezoni. Mama akamlaumu muuza duka kwa kuuza sufu mbovu, hakukuwa na pesa za kununulia jingine, na Dada akaenda shule mwaka mzima mikono ikiishia kwenye viwiko. Hakuna aliyemuuliza Mama Povu chochote. Miaka hamsini sasa, siri ile ilikuwa yake peke yake.

Dada alifika na begi lake na sabuni yake, na saa kumi kasorobo wakawa wamekaa. Hapo ndipo Dada alipofungua kitabu.

"Namba thelathini na moja," alisoma. "Mfalme Asiyeinuka. Janga katika sehemu tatu. Mfalme amefiwa na malkia, anakaa kitini mwaka mzima bila kuinuka." Akamtazama mdogo wake juu ya miwani. "Ndiyo uliochagua wewe?"

Mama Povu alisema ndiyo, kwa sauti ndogo. Kumbe mfalme hachezi. Mfalme amekalishwa ndani ya sufu chini ya taa kali, na kwa hali hiyo hata gunia la viazi lingetoka jasho. Alifumba macho ili alale kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, usingizi haukuja.

Pazia likafunguka. Mfalme alikuwa pande la mtu, mwenye kifua kipana na sauti ya kutikisa madirisha. Joho lilikuwa limemfika kiunoni. Mikono yake ilitoka nje kuanzia kwenye viwiko, suruali ilikoma magotini, na alikuwa amekaa wima kabisa kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kukaa. Ukumbi ulinyamaza kwa heshima. Ndipo waziri wake akapiga magoti, akainua mkono na kusema maneno yake kama alivyoyakariri.

"Tazameni jinsi huzuni ilivyompunguza mfalme wetu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Si kikohozi. Mfalme, ambaye lazima nimsifu, aliendelea. Alinyoosha mikono kumlilia malkia, kifungo kikaruka mpaka safu ya mbele, na bwana mmoja mwenye adabu zake akainuka, akakirudisha juu ya jukwaa na kukaa. Basi, ikawa imekwisha. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Binti wa mfalme alijificha nyuma ya kiti na kiti chenyewe kikaanza kutikisika. Katika sehemu ya tatu, mfalme alipoinama kulilaza taji sakafuni, suruali nayo ilichanika, ikatoa hotuba yake, na watu wa viti vya juu wakaisikia. Mfalme akajifunika uso kwa taji, mabega yakimruka.

Mama Povu hakuwa akitazama jukwaa. Alikuwa akimtazama Dada, aliyekaa amenyooka, midomo ameibana, akitetemeka mwili mzima. Mtetemo ule aliujua. Walimu wakuu hutetemeka hivyo kabla ya kuita wazazi. Kisha Dada akaachia sauti ambayo Mama Povu alikuwa hajaisikia tangu walipokuwa wanalala kitanda kimoja, kicheko cha kukoroma, cha mtu asiyejali nani yuko hapo. Miwani ilianguka. Alicheka mpaka akamshika mdogo wake mkono asije akaanguka yeye.

Walipotoka walikaa kwenye ngazi, magoti yapumzike. Dada alifuta miwani. Mama Povu aliona heri aseme mwenyewe.

"Dada, kuna kitu lazima nikuambie."

"Maji yalikuwa ya moto," Dada alisema.

"Umejuaje?"

"Ile mikono naijua. Niliivaa mwaka mzima."

Mama Povu alihisi masikio yanawaka. Alitafuta pa kuweka macho akakosa. Mwishowe aliuliza kama alijua tangu lini, na Dada akamwambia tangu siku ile ile, maana alipita mlangoni akamkuta juu ya kigoda anakoroga sufuria.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Ulikuwa unaimba," Dada alisema. "Ulikuwa unaimba, mdogo wangu, unanifulia sweta. Ningesema nini?" Akaivaa miwani, akashika ukingo wa ngazi na kuanza kuinuka. "Umechagua vizuri. Haya, nipe mkono."

Mama Povu alilia njia nzima, akasingizia vumbi.

Asubuhi mama wa mavazi alipoingia, Mama Povu alikiri kabla hajasalimiwa. Mama wa mavazi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema mkuu wa mchezo hajala tangu jana, na joho liongezwe kitambaa pande zote kabla ya saa kumi. Ndugu wawili wakaligawana, Dada akashona mkono wa kushoto. Alipomaliza aliingia ndani, akarudi na sweta lake la kijivu, lile la safari, akaliweka mezani katikati ya mifuko.

"Maji baridi," alisema.

Mama Povu akajaza pipa. Alipima maji kwa kidole, akapima kwa kiwiko, kisha akamwita Dada aje apime mwenyewe.