Taratibu na Mota Isiyo na Brashi

Jina la Taratibu nilimpa mimi, na sijutii. Mimi ni seremala wa majeneza, yeye ni dereva wa gari la maiti, na kati ya karakana yangu na gereji yake kuna ukuta wa mabati usiozuia hata chafya. Kila asubuhi namsikia analiwasha gari, analisikiliza, analizima, analiwasha tena. Hapo bado hajatoka hata getini.

Kazini haendi mbio kuliko mtu anayetembea na kikombe cha chai kilichojaa. Akipita kwenye shimo humwomba radhi abiria wake wa nyuma. "Samahani, mzee." Au, "Samahani, mama." Siku moja nilimuuliza anangoja jibu gani. Akaniambia adabu haingoji jibu. Chai yake huipuliza mpaka inapoa, halafu hulalamika kwamba imepoa. Ukimuuliza saa ngapi, ataangalia saa ya mkononi, ataangalia na ya ukutani, kisha atakuambia hana uhakika.

Sasa mtu kama huyo, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, anapenda magari ya mbio. Si haya tunayopanda. Ni yale madogo ya rimoti, yanayotosha kukaa juu ya meza ya kulia. Chumbani kwake kuna kitanda, jiko la gesi, na rafu iliyojaa mota zilizokufa, kila moja imefungwa kitambaa. Nilimuuliza kwa nini hazitupi. Akasema zilimtumikia vizuri.

Kila Jumapili wapenzi wa magari hayo hukutana kwenye uwanja wa ghala moja lililofungwa, wanapanga matairi mabovu kuwa kona, wanashindana. Bingwa wao ni fundi simu mmoja tunayemwita Chaji, kijana wa maneno mengi na vidole vyepesi. Taratibu ndiye wa mwisho. Mtu akichelewa kufika, humtazama Taratibu yuko wapi ili ajue mwisho wa mbio uko wapi.

Ningemwacha na michezo yake kama si habari za mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kike ana duka la maua ng'ambo ya barabara, na mashada yote ya ofisi yetu ya mazishi yanatoka kwake. Tumezaliwa wawili tu. Tangu wazazi watutoke tunakula pamoja kila jioni. Yeye anapika, mimi nalalamika chumvi, kisha naosha vyombo. Taratibu anampenda. Mtaa mzima unajua, ila yeye mwenyewe anadhani ni siri. Na mdogo wangu naye anampenda. Mwanamke hamchagulii dereva wa gari la maiti ua la kuweka kwenye dashibodi kila wiki kwa sababu ya biashara.

Jioni moja, sahani ziko mezani, akaniambia, "Kaka, nimepata kazi. Kuna duka kubwa la maua kule mjini kwa kina shangazi, wanataka msimamizi. Naondoka mwisho wa mwezi."

Safari ya huko ni ya kutwa nzima kwa basi. Nikalirudisha tonge sahanini.

"Na Taratibu je?"

"Taratibu amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Basi na mimi sijasikia kitu," akasema, akaendelea kula.

Usiku huo niliamua. Akiposwa, atabaki. Na mimi nilitaka abaki, sioni haya kulisema. Kilichobaki ni kumtoa Taratibu neno mdomoni, hata kwa koleo.

Kesho yake nikamvamia gerejini. "Bwana wewe, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mdogo wangu anaondoka mwisho wa mwezi. Una neno, huna?"

Akaacha kufuta kioo. Akakikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. "Jumapili ijayo kuna mbio," akasema. "Nimemkaribisha aje. Nikishinda, nitamwambia."

"Mbio na posa vina undugu gani?"

"Hajawahi kuniona nikiwa wa kwanza, fundi."

"Kila siku uko mbele ya msafara mzima!"

"Wa kwanza ni yule aliyelala nyuma yangu. Mimi ni dereva wake tu."

Nikamwambia basi ashinde, na kama ni lazima nimsaidie, nitamsaidia.

Ikawa lazima. Gari lake lilikuwa na mota ya kizamani, ile yenye brashi za kaboni zinazosuguana ndani mpaka zinakwisha, na ikipata joto inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Akaenda kwa Chaji, akanunua mota isiyo na brashi. Ndani yake hakuna kinachosuguana zaidi ya beringi. Umeme unapokezanwa kwenye waya tatu, na kisanduku kidogo cha kudhibiti mwendo ndicho kinachoamua zamu ya nani. Ilikuwa ndogo, haizidi kidole gumba changu kwa unene, nami nikaidharau.

"Usiidharau," Chaji akaniambia. "Hiyo inataka kidole laini. Ukiibana kwa pupa, gari litapindukia kichwani mwako."

Tukaifunga juu ya meza yangu ya kazi, kati ya randa na gundi. Taratibu alichomea waya zake kwa risasi, akipuliza kila kiungo kama anavyopuliza chai. Gia ndogo ya mota ilibidi ikutane na gia kubwa ya plastiki bila kubanana wala kulegeana, kwa hiyo akakata kipande cha karatasi, akakiweka katikati ya meno ya gia, akazisogeza, akakaza skrubu, akakitoa. Halafu hakuridhika, akarudia. Nilikamilisha jeneza zima, na misumari yake, yeye bado yuko na karatasi.

Hatimaye akaliweka sakafuni. Akaigusa triga ya rimoti kwa ncha ya kidole tu.

Gari likaondoka. Kinyumenyume.

Lilipita chini ya meza, likapita katikati ya miguu yangu, likatoka mlangoni na kuingia kwenye chumba cha maonyesho, ambako bosi wetu, mama mmoja asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa anamwonyesha mjane mmoja mzee majeneza ya mninga. Tulifika tukihema. Gari lilikuwa limemzunguka yule bibi mara moja, sasa limetulia ubavuni mwa jeneza la bei kubwa kuliko yote. Bosi ananiangalia mimi. Mimi namwangalia Taratibu. Taratibu anaangalia dari.

"Na hili nalo mnaliuza?" yule bibi akauliza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika jeneza asianguke. "Marehemu angelipenda hili kuliko yote mliyonionyesha."

Hatukufukuzwa kazi, kwa heshima ya yule bibi. Na kosa lenyewe lilikuwa dogo, waya mbili kati ya zile tatu zilipishana. Taratibu akazibadilisha, gari likajua mbele ni wapi.

Lakini tulipolijaribu uani, likainua pua, likasimama kwa matairi ya nyuma, likaanguka chali. Bodi yake ya plastiki ikapasuka vipande. Taratibu akakaa juu ya ndoo. "Basi," akasema. "Pengine haikuandikwa."

Hapo nilikasirika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linaniuma kwa niaba ya watu wawili. "Haikuandikwa na nani?" nikamfokea. "Kaa hapohapo."

Nikachukua mbao nyembamba za plaiwudi zilizobaki kazini, nikakata, nikakunja, nikagundisha. Mkono wa fundi hufuata unachokijua. Nilipomaliza, bodi ilikuwa ya gari la maiti, jeusi, lina madirisha marefu ya ubavuni na reli mbili za shaba juu. Puani nikaficha kipande cha risasi ili lisiinuke tena. Taratibu akalishika kwa mikono miwili, akalitazama kila upande.

"Fundi," akasema, "umelipatia hata lile bonyeo la mlango wa kushoto."

Jumapili ikafika. Mdogo wangu alikuja amevaa gauni lake la manjano, akasimama kwenye kona ya mwisho, mahali pa kuona vizuri. Watu walipoliona gari letu walicheka mpaka basi. Daktari wa meno, ambaye naye ni mshindani, akauliza kama tumekuja kushindana au kuchukua mtu. Chaji akasema nimpimie jeneza lake kabisa.

Filimbi ikalia, kicheko kikaanza kupungua. Wenzake wote wana mota kali, na wote wana pupa. Kila kona mtu anazidisha, gari linazunguka, linagonga matairi. Taratibu kidole chake kimefundishwa na kazi. Miaka yote ameondoa gari bila ua kudondoka kwenye jeneza, na ameingia kona bila reli kulia. Ile mota iliyomsumbua kila mtu ilimtii kama punda wa nyumbani. Akampita wa mwisho. Akampita daktari.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Kila gari letu lilipomkaribia mtu kwa nyuma, yule mtu alipunguza mwendo na kusogea pembeni. Hawakukusudia. Maisha yao yote wamelipisha gari la namna hiyo barabarani, na kidole hakikuuliza kama hili ni la plaiwudi. Hata watazamaji walinyamaza likipita, na mzee mmoja akavua kofia.

"Hii si haki!" Chaji akapiga kelele alipopitwa. "Nikiliona hilo, kidole kinalegea chenyewe!"

"Kanuni gani imevunjwa?" nikamuuliza. Akaitafuta, hakuiona.

Mzunguko wa mwisho, Taratibu alikuwa mbele, peke yake, nyuma hamna mtu wa karibu. Mimi nilikuwa naruka kama mtoto. Nilishaona posa, nikaona harusi, nikamwona mdogo wangu yupo palepale ng'ambo ya barabara mpaka uzeeni. Gari likaingia kona ya mwisho, likafika mbele ya gauni la manjano.

Likasimama.

Halikuharibika. Lilisimama vizuri, sambamba naye, taratibu, mlango wa nyuma ukimwelekea. Nilimgeukia Taratibu, nikaona kidole chake kimeiachia triga, na uso wake umeshtuka kuliko wangu. Kila siku ya kazi, kabla ya kwenda popote, gari la maiti husimama mbele ya mdogo wangu kupakia mashada. Hajawahi hata mara moja kumpita bila kusimama. Mkono ulifanya uliyoyazoea.

"Nenda!" nikapiga kelele. "Nenda, bwana! Mbio!"

Chaji akapita. Daktari akapita. Akapita hata fundi viatu ambaye gari lake lilikuwa limebakiwa na matairi matatu. Uwanja mzima ulicheka, na mdogo wangu alicheka kuliko wote, amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Taratibu akaiweka rimoti chini, akavuka uwanja. Alikwenda mbio, nami sikuwahi kumwona akikimbia. Anakimbia vibaya sana, magoti nje. Akafika mbele yake.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nimeona."

"Nilisema nikishinda ndiyo nitakuambia."

"Sasa umeshindwa. Utafanyaje?"

Akavuta pumzi. Halafu yakamtoka yote kwa mkupuo mmoja, ya miaka mingi, bila nukta wala mkato, kwamba anampenda, kwamba ua la dashibodi halitupi likikauka, kwamba hana mali ila hana deni, kwamba anaomba kumuoa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, midomo yangu inamsaidia kusema.

"Nimekubali," mdogo wangu akasema. Watu wakashangilia. Akawanyamazisha kwa kidole. "Lakini kule nilishatoa neno langu, na kazi naitaka. Siwezi kubaki. Ninaenda. Ukinitaka, twende."

Nikaacha kupiga makofi. Lakini nilikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa Taratibu mwenyewe. Nilimjua. Mtu anayetazama saa ya mkononi na ya ukutani kabla ya kusema hajui, atafikiri. Ataomba muda. Atapiga hesabu mpaka mwakani, na mdogo wangu atachoka, ataahirisha.

"Kule watu hawafi?" Taratibu akauliza.

"Wanakufa."

"Basi kazi ipo." Akamshika mkono. "Kwa nini tungoje mwisho wa mwezi? Kuna basi la Jumatano."

Mdogo wangu akamwangalia kama mtu aliyekutana naye siku hiyo, kisha akanigeukia mimi, uso unang'aa. "Kaka, umesikia? Jumatano!"

Na mimi, niliyemkemea yule mtu miaka yote kwa uvivu wa kuamua, niliyemfokea na kumsukuma hadi pale aliposimama, nikasikia sauti yangu inasema, "Jamani, haraka ya nini? Si mngengoja kidogo?"