Kikombe Chini ya Koki

Mimi ni mkali, na kwenye nyumba yetu pale Katesh hakuna asiyejua. Mwenye nyumba anaishi Arusha. Siku moja alinikabidhi mimi, mpangaji wake, ufunguo wa geti na spana, akasema, "Dada, nitunzie." Nikatunza kweli! Ni ghorofa moja, vyumba chini na juu, ngazi za saruji katikati, na koki moja uani kwa watu wote. Maji ya mgao yakija tunajaza tanki, yasipokuja tunaliangalia tanki hilohilo. Kwa hiyo nilipiga kelele. Maji ya kusuuzia nguo hayamwagwi, yanadeki ngazi, yanayobaki yanaingia chooni. Koki ikivuja silali.

Aliyenitoa jasho ni mama mmoja wa chumba cha juu. Alikuwa akifungulia koki, ndoo inafurika, naye kasimama anaangalia tu.

"We mama, hiyo koki ni mto?" nikamfokea.

Akacheka. "Mimi nimekulia kijijini, Dirma. Nimechota maji dimbwini, ng'ombe wananisukuma. Niache na mimi niyaone yakimwagika."

"Kayaone kwenu!" nikamjibu. Tangu hapo tukawa tunapishana ngazini kila mtu na uso wake.

Mwanangu hakuujali ugomvi wetu. Alimpa shikamoo yake kila asubuhi, na yule mama alimwitikia marahaba kwa furaha, mimi nikiwa nimenuna pembeni. Mwanangu alikuwa binti wa chekechea, nikimlea peke yangu. Kila kazi ya nyumba alinifuata. Ngazi ya chini kabisa ilikuwa yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuideki, hata mimi msimamizi.

Asubuhi moja koki ikaanza kudondosha. Mpira wa ndani ulikuwa umekwisha. Nikachukua spana na mpira mpya, nikatoka. Binti yangu akaja mbio na kikombe chake cha plastiki, cha njano, kimemeguka mdomoni, akakitega chini ya koki.

"Mama, usifunge."

"Maji yanapotea, mama."

"Hayapotei, yanaingia kwangu. Mwalimu kasema haba na haba hujaza kibaba."

"Na kibaba unacho?"

"Sina. Nina kikombe. Kikijaa nadeki ngazi yangu, halafu ndiyo ufunge."

Jamani, nilicheka. Mama wa juu alikuwa anaanika nguo, naye akacheka, tukajikuta tunaangaliana. "Haya bwana," nikasema, "kikijaa." Nikairudisha spana ndani.

Alikuwa na kikohozi tangu juzi yake, cha baridi ya kawaida ya huku mlimani, nilidhani. Kikombe hakijafika nusu akaanza kutetemeka pale pale uani, kifua kinambana. Nikambeba. Bodaboda ikatukimbiza hospitali, wakahangaika naye, siwezi kuwalaumu. Ikashindikana. Nasema ikashindikana kwa sababu lile neno lenyewe mdomo wangu unalikataa hadi leo.

Tulimzika kwetu Mbulu. Ndugu wakataka nibaki, nikakataa, maana nguo zake na daftari zake za kuchorea zilikuwa chumbani kwangu Katesh. Mama yangu akanifuata. Ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, ila jambo hili hakulitupa: kwetu zamani mwanamke aliyefiwa na mtoto alikaa kando, hachoti maji pamoja na watu, hagusi vyombo vyao, mpaka wakubwa waseme basi. Siku hizi wengi wameacha. Mama yangu akaniambia, "Koki ya watu usiiguse, mwanangu. Kaa ndani." Sikubishana. Mimi, ninayebishana na kila mtu! Nguvu ya kubishana niliiacha kaburini.

Chumba changu kiko chini, dirisha linatazama uani. Nikalala nikisikiliza koki inadondosha. Tone, halafu tone. Watu walichota, ila hakuna aliyeitengeneza. Niliumia. Nilimkasirikia Mungu, nikamwomba radhi, nikamkasirikia tena. Na kila asubuhi palikuwa na ndoo ya maji mlangoni, imefunikwa vizuri.

"Nani analeta?" nikamuuliza mama.

"Yule wa juu. Anaweka, anaondoka. Hasemi kitu."

Mwishowe mama yangu akasema basi. Akaninawisha uso, akaninyoa, akafungua mlango. Nikatoka na spana mkononi na ule mpira mpya. Ngazi zote zilikuwa zimedekiwa, zinang'aa. Ya chini kabisa ilikuwa na vumbi. Hakuna aliyeigusa.

Kikombe cha njano kilikuwa chini ya koki, maji yamefika nusu.

Nikasimama nikishangaa. Siku zote hizo, na bado nusu? Mama wa juu alikuwa anashuka na beseni. Akasimama mbali kidogo nami.

"Pole, dada," akasema. "Alisema isifungwe mpaka kijae. Nikaona kitajaa wewe uko ndani. Nikawa nakipunguza, naongeza kwenye ndoo yako."

Mwanamke niliyemwambia akayaone maji kwao, alikuwa amekaa analinda nusu kikombe cha mwanangu.

Akaniletea ndoo tupu, akaigeuza, nikakaa. Wapangaji walikuja na madumu yao, wakaona, wakayaweka chini, wakarudi ndani bila kuulizwa. Mama yangu alisimama mlangoni. Maji yakapanda pole pole, yakafika pale kikombe kilipomeguka, yakaanza kutiririka pembeni.

"Kimejaa, mama," nikamwambia binti yangu.

Nikafunga maji ya tanki, nikafungua koki, nikaweka mpira, nikakaza. Ikanyamaza. Ule ukimya ndio uliokuja kunivunja, nikalia kwa sauti uani mbele za watu, mimi mkali wao, na mama wa juu akanishika mabega.

Nilipoweza kusimama nikachukua kitambaa, nikapiga magoti, nikadeki. Maji ya kikombe kile yalitosha ngazi moja tu.