Nyayo Chini ya Gurudumu

Mimi sijapata kuwa mtu wa kuogopa mashetani. Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mkonge miaka ile ya hamsini, na fundi akisikia kitu kinalia hutafuta spana kwanza, hirizi baadaye. Lakini pikipiki ya kaka yangu ilinitia baridi. Mpaka leo sipiti karibu na pikipiki iliyosimama peke yake bila ya kutazama chini ya gurudumu la mbele.

Kaka alikuwa karani wa kununua mbata, yaani nazi kavu. Kila wiki alitoka kwetu Usagara, akateremka Pangani, akavuka mto kwa pantoni na kwenda zake hadi Mkwaja, mifuko miwili ya ngozi ikining'inia nyuma ya pikipiki. Siku ya ajali alibaki ameikalia palepale juu ya pantoni. Alikuwa hivyo, mvivu wa kushuka. Pikipiki ikateleza, ikaingia naye majini watu wakitazama. Siku ya tatu wavuvi waliiopoa kwa nanga. Kaka hajaopolewa mpaka leo.

Nikairudisha nyumbani, nikasafisha injini, tangi na kabureta, ikawaka. Nikaisimamisha uani kwenye sakafu ya saruji. Sasa sikiliza. Kila alfajiri, mama akitoka kwenda kutia udhu, chini ya gurudumu la mbele pana alama mbili za maji, moja kushoto na moja kulia, sawasawa na mtu aliyesimama na nyayo mbichi. Jua likipanda zinakauka na kuacha weupe wa chumvi. Na mvua hakuna!

"Kaja," alisema mama siku ya kwanza. Basi. Hakulia. Alichukua tambara akazipangusa taratibu, kama unavyompangusa mtoto miguu kabla hajapanda kitandani.

Tangu siku hiyo matanga yakawa marufuku nyumbani kwetu. Hapana kisomo, hapana sala ya ghaibu, na kila magharibi sahani ya kaka inapakuliwa na kufunikwa kawa. Mama akipita uani huegemea usukani, na ile pikipiki inazama mbele na kutoa sauti, fyuuu, pumzi za mtu aliyechoka na safari. "Unasikia?" huniuliza. Nasikia, mama. Malaika yananisimama, lakini nasikia.

Aliyeumia zaidi ni shemeji, mke wa kaka. Mume hana, na eda hakuruhusiwa kukaa, maana kukaa eda ni kukiri kwamba mume amekufa. Mwezi mmoja na nusu binti wa watu hajui avae nyeupe ya mjane au ajipake wanja amsubiri mwenyewe. Siku moja aliniita kwenye mlango wa jiko.

"Shemeji, nikifa mimi leo, nitazikwa mke au mjane?"

Swali lisilofunguka kwa spana hunikasirisha. Hasira hizo ndizo zilizonipeleka kuchuchumaa mbele ya pikipiki Ijumaa ile, baada ya sala, jua likichoma utosi. Nikatazama pale palipokauka chumvi, kisha nikainua macho. Juu ya kila alama umekaa mguu mmoja wa pikipiki. Miguu hiyo ya mbele mafundi tunaiita shokapu. Ndani yake mna springi na oili, na chini kabisa kila mmoja una skurubu ya kumwagia oili ikichakaa. Ala! Nilisafisha kila kitu nikasahau miguu. Fundi mzima! Maji ya Pangani yalikuwa bado yamo humo, yanachuruzika kidogo kidogo. Ila kwa nini yachuruzike alfajiri tu, asubuhi hata tone huoni, hilo sijalipatia jibu.

"Mama," nikasema, "leo nabadilisha oili ya shokapu."

"Iache."

"Mama, mficha maradhi kifo kitamuumbua!"

Lilinitoka kabla sijalipima. Shemeji, pale mlangoni pa jiko, akajiziba mdomo. Mama akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaketi juu yake.

"Fungua basi," akasema.

Nikatega bakuli, nikalegeza skurubu ya kushoto. Yakatangulia maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili. Yalikuwa ya kijani, yananuka tope la mikoko. Nikabana breki na kugandamiza usukani ili yatoke yote. Kila nikigandamiza, fyuuu, na maji yanaruka. Yalinimwagikia mkononi. Toba! Chuma kilikuwa cha moto huwezi kukishika, na maji yale yalikuwa baridi kama yametoka mtungini. Nyuma yake ikafuata oili iliyoharibika, rangi ya chai ya maziwa, nikaikinga kwa kopo. Mguu wa kulia nao vilevile.

Nikainua bakuli nikamwage mnazini. Mama akanidaka kifundo cha mkono. Akachovya kidole, akaonja. Akalichukua bakuli, akalifunika kwa ile kawa ya sahani ya kaka, akaenda nalo ndani.

Nikarudisha skurubu na washa mpya, kile kipete cha kuziba, nikafungua nati za juu, nikatia oili safi, kila mguu kwa kipimo chake, nikakaza. Nikagandamiza usukani. Kimya. Ukimya ule uliniogopesha kuliko ile sauti.

Nitasema ambalo sikumwambia mtu. Siku zote zile nilikuwa naamka kabla ya mama, naenda kuzitazama zile nyayo. Nilimpenda sana kaka yangu. Alfajiri ya Jumamosi niliamka tena, nami najua fika kwamba hakuna kitu.

Mama alikuja na tambara lake. Akainama, akapangusa sakafu kavu, kushoto, kisha kulia. Akaweka kiganja chake hapo, akakaa nacho muda mrefu.

"Niletee jembe," akasema.

Kwetu maiti huoshwa juu ya shimo, ndani ya nyumba, ili maji yake yasitapakae watu wakayakanyaga. Sakafu ya chumba cha kaka ilikuwa ya udongo. Mama alisogeza kitanda, akachimba mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Akaleta bakuli, akalifunua, akayamimina yale maji polepole huku midomo ikisoma.

"Haya ndiyo yaliyomwosha mwanangu," akasema. "Hapana mengine."

Nikafukia. Mama akajifuta mikono, akamgeukia shemeji aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, vaa nyeupe."

Shemeji akaanguka miguuni pake, akakitoa kilio alichokizuia siku zote hizo, na majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja bila ya kuitwa.