Simu ya Shangazi Yao Ilimtukana Binti Yangu Sebuleni Kwangu, na Mimi Ndiye Naambiwa Niombe Msamaha

Naomba jina langu libaki kwenu. Nina miaka sabini na moja. Nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, na sasa ninatunza ng'ombe wawili na chai kidogo huku upande wa Roret. Nimeandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu watu ambao hata bado hawajawa wakwe zangu wameniita mwizi wa siri.

Nieleze polepole. Nina amplifaya ya zamani na spika mbili ndefu. Kilichokufa ni kicheza CD. Binti yangu, ambaye ana miaka thelathini na nne, akaniambia ninunue kisanduku cha kuvuta nyimbo kutoka kwenye intaneti na kuzipeleka kwenye amplifaya. Nikaenda mjini Kericho na kijana anayetaka kumuoa, kwa sababu yeye ni fundi wa vifaa vya umeme.

Dukani kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa na sauti safi zaidi, na kinatii tu simu zilizo kwenye waifai ya nyumbani. Cha pili kinapokea simu yoyote kwa Bluetooth bila kuuliza namba ya siri. Mimi nilishika cha kwanza. Kijana akacheka.

"Baba, hicho ni cha watu wabinafsi. Mgeni akija na wimbo wake atakaa tu akiangalia ukuta? Chukua hiki. Hakiulizi mtu kitu."

Nikapenda maneno hayo. Nikajiambia, huyu atakaribisha watu kwa binti yangu. Nikachukua cha pili.

Siku ya koito, yaani siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kuzungumzia ndoa, watu wa kijana walifika kutoka Mogogosiek. Shangazi yake, ambaye ndiye msemaji wao hasa, akataka tusikie kwaya ya kanisa lao. Kijana mwenyewe alichukua simu ya shangazi, akaiunganisha na kisanduku changu kwa mkono wake, kwaya ikaimba, tukapiga makofi. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyekumbuka kuitoa ile simu.

Tukanywa mursik, yaani maziwa ya kuganda ya kibuyu, tukaanza mazungumzo. Katikati shangazi akapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yake aliyebaki nyumbani. Akaweka simu sikioni. Simu ikiwa imeunganishwa hivyo, sauti haiji sikioni, inakwenda kwenye spika. Yeye hakusikia kitu sikioni, akadhani simu iko chini, akabonyeza kuongeza. Spika zangu zikanguruma nyumba nzima:

"Msikubali kuongeza hata ndama mmoja! Hao ni watu wa kujionyesha, spika kubwa na choo cha shimo. Na huyo msichana, miaka thelathini na nne bado anaanika nguo kwa baba yake, nani mwingine atamchukua? Waambieni wanasaidiwa!"

Binti yangu alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

Nilingoja mtu aone haya. Badala yake shangazi akasimama. "Mwalimu ametuwekea mtego! Hiyo mashine inanyonya simu za watu!"

Nikamwambia, "Mama, keti nikueleze. Bluetooth hainyonyi. Simu yako iliunganishwa saa ile ya kwaya."

"Usinifundishe! Mimi si mtoto wako wa darasa la saba!"

"Ungekuwa mtoto wangu wa darasa la saba ungeelewa," nikamjibu, na hapo ndipo wazee wao walichukua kofia zao.

Kijana, ambaye ndiye aliyechagua kisanduku na ndiye aliyeunganisha simu, aliangalia viatu vyake mpaka gari likaondoka.

Sasa wametuma mjumbe. Wanasema niombe msamaha mbele ya wazee kwa kuwanasa, na nitoe mtambo nyumbani, la sivyo hawarudi. Nilimpigia kijana. Nikamwuliza, "Kwa nini huwaambii ni wewe uliyeiunganisha?"

"Baba, nikimwaibisha shangazi mbele ya watu, nani atasimama na mimi siku ya harusi?"

"Na mimi je? Na binti yangu?"

"Wewe ni mtu umesoma, Baba. Wewe utaelewa."

Nilikata simu. Nimefundisha wavulana wengi, na ninamjua anayejua jibu na hainui mkono.

Lakini sitawadanganya. Niliposimulia haya kwa ukali, binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, nilikuona. Rimoti ya amplifaya ilikuwa mkononi mwako."

Ni kweli. Neno la kwanza lilipotoka ningeweza kuzima. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza, kwa sababu nilitaka wajivue nguo wenyewe mbele ya wazee wangu. Sikufikiria kwamba anayevuliwa alikuwa mtoto wangu.

Binti yangu bado anamtaka huyo kijana. Ameniomba nimalize jambo hili. "Sema tu pole, Baba. Maneno ya shangazi yao mimi nimeshayasikia, hayatarudi kwenye simu."

Yeye nimeshamwomba radhi, na alilia. Hao wengine ndio wamenishinda. Nikiomba msamaha, watasema nimekiri mtego, na binti yangu ataingia nyumba ile akiwa binti wa jasusi. Nisipoomba, nitakuwa nimemrudisha kwenye kamba yangu ya nguo kwa kiburi changu. Na nikikubali yote, namkabidhi kwa mwanamume atakayeangalia viatu kila anapotukanwa.

Mjumbe anataka jibu Jumamosi. Ninyi mlioozesha mabinti, nielekezeni: niiname mbele ya watu hawa, au nimwambie kijana kwamba hakuna harusi mpaka yeye afungue mdomo?